Kitanda Kitupu Si Nafasi: Kuhesabu Wodi ya Watoto Wakati wa Korona

Ukimuuliza mtunza stoo hospitali ina vitanda vingapi vya watoto, atakuhesabia vyuma na magodoro. Karani wa takwimu atakusomea idadi iliyoandikwa kwenye usajili wa kituo. Muuguzi wa zamu ya usiku atakujibu kwa swali: mtoto mwenyewe anaumwa nini? Korona ilipoingia Afrika Mashariki Machi 2020, taarifa nyingi za nafasi hospitalini zilijengwa juu ya majibu mawili ya kwanza. Ndiyo maana karatasi iliweza kuonyesha vitanda kumi vitupu huku mtoto mwenye nimonia akisubiri kwenye benchi la mapokezi. Vitanda vilikuwepo kweli. Kilichokosekana ni mpira wa oksijeni wa kumwekea puani.

Nayaandika haya kwa ajili ya mkuu wa wodi anayejaza fomu, karani anayeiingiza kwenye kompyuta, na mwandishi wa habari anayenukuu asilimia bila kuuliza imetoka wapi.

Asilimia ya vitanda inavyopatikana, na inavyodanganya

Hesabu ya kawaida ni rahisi. Hesabu waliolala kila usiku wa mwezi, ujumlishe. Hizo ndizo siku-vitanda zilizotumika. Gawa kwa idadi ya vitanda mara siku za mwezi, kisha zidisha kwa 100. Wodi ya vitanda 30 katika mwezi wa siku 30 ina siku-vitanda 900. Zikitumika 765, wodi imekaliwa kwa 85%. Kenya namba hizi hupita kwenye fomu ya mzigo wa kazi, MOH 717, na kuingia KHIS, mfumo wa taarifa za afya wa Kenya. Tanzania hutoka kwenye vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za afya wa huko. Njia zote mbili huishia kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya uliozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo na sasa unaotumika karibu kila wilaya ya ukanda huu.

Kasoro ya kwanza ni mwezi wenyewe. Taarifa ya Machi hukamilika katikati ya Aprili, na wimbi la ugonjwa linaweza kupanda na kushuka katika muda huo. Wastani wa mwezi wa 85% unaweza kuficha wiki mbili za 60% na wiki mbili za 110%. Kwa janga unahitaji hesabu ya kila siku, hata kama ni ya mkono kwenye daftari la kurasa 96.

Kasoro ya pili ni saa ya kuhesabu. Hesabu ya usiku wa manane haimwoni mtoto aliyeletwa saa 4 asubuhi na kufariki saa 10 jioni. Huyo alikalia kitanda, alitumia oksijeni, aliwashika wauguzi wawili kwa saa nzima, lakini kwenye siku-vitanda hayumo. Katika wodi za watoto hili si jambo dogo, kwa sababu sehemu kubwa ya vifo hutokea ndani ya saa 24 za kwanza. Vifo hivyo vya mapema pia hufupisha wastani wa siku za kulazwa, hivyo wodi inayopoteza watoto wengi siku ya kwanza inaweza kuonekana kwenye jedwali kama wodi inayotibu haraka. Hesabu wastani wa siku kwa walioruhusiwa peke yao, na wa waliofariki peke yao. Usiwachanganye.

Ya tatu ni yetu sisi tunaosoma saa kwa Kiswahili. Mama anasema mtoto aliletwa "saa 2 usiku". Karani anaandika 2:00. Kompyuta inaelewa saa 8 usiku, na kwa tarehe ile ile mtoto amerudishwa nyuma saa 18 nzima. Halafu kuna "Jumatatu usiku saa 8", ambayo kwa kalenda ya kompyuta tayari ni Jumanne. Dawa ni moja: rejista iandike saa kwa mtindo wa 24, 20:00 na 02:00, na jedwali la kubadilisha libandikwe ukutani juu ya meza ya muuguzi. Linaonekana jambo la kitoto, lakini bila hilo huwezi kujua ni wangapi walifariki ndani ya saa 24.

Kuhusu watoto wawili au watatu kitanda kimoja: waandike wote. Asilimia ikifika 140, iache ifike 140. Kuna makarani wanaoikata iishie 100 kwa sababu wanadhani ni kosa la hesabu. Ukiikata umefuta ushahidi wa msongamano, na wakati wa ugonjwa unaoenea kwa hewa msongamano ndio habari yenyewe.

Watoto sita kwa siku

Kuna kanuni moja ambayo mkuu wa wodi akiijua hahitaji programu yoyote: idadi ya vitanda vinavyokaliwa kwa wastani ni wanaolazwa kwa siku mara siku wanazokaa. Tuchukue wodi ya mfano inayolaza watoto 6 kwa siku, kila mmoja akikaa siku 4. Vitanda 24 vitakuwa na watu kila siku. Wengi hapo hugawa kwa 0.85, yaani ile 85% wanayofundishwa kuilenga, na kupata 28, wakaridhika.

Shida ni kwamba watoto hawaji kwa ratiba. Leo watatu, kesho kumi na mmoja. Idadi ya waliomo wodini huyumba juu na chini ya wastani kwa kiasi kinachokaribia kipeuo cha pili cha wastani huo, yaani namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe huleta wastani. Kipeuo cha pili cha 24 ni karibu 5. Ukitaka wodi ijae mara chache tu, ongeza mara mbili ya hiyo: 24 na 10, vitanda 34. Wodi ya vitanda 34 yenye wastani wa watoto 24 imekaliwa kwa 71%. Sasa chukua wodi ndogo ya hospitali ya wilaya yenye wastani wa watoto 6. Kipeuo cha pili ni karibu 2.5, kwa hiyo inahitaji vitanda 11, yaani 55%. Hospitali kubwa yenye wastani wa watoto 200 inahitaji 228 tu, yaani 88%.

Kwa hiyo ile 85% inayorudiwa kwenye kila semina ni kipimo cha hospitali kubwa. Ukikipeleka kwenye wodi ya vitanda 10 umeiambia ijae mara kwa mara na kuiita "matumizi mazuri ya rasilimali". Hili ndilo kosa linalorudiwa zaidi katika kupanga nafasi za watoto, na halikuanza na korona.

Korona iliongezea juu yake mambo ambayo hayaonekani kwenye idadi ya wanaolazwa. Kusubiri majibu ya PCR, kipimo cha maabara cha korona, ni mojawapo. Majibu yakichelewa na mtoto akazuiwa kitandani siku moja ya ziada, wastani unatoka siku 4 hadi 5, na wodi ile ile yenye watoto 6 kwa siku sasa ina 30 badala ya 24. Hakuna mgonjwa hata mmoja aliyeongezeka. Chumba cha kutengwa chenye vitanda sita kikiwa na mtoto mmoja anayeshukiwa, vitano vimefungwa ingawa ni vitupu. Vitanda vikisogezwa viachane mita moja au mbili, ukumbi wa 30 unabeba 20. Wauguzi watatu wakiwekwa karantini, vitanda vyao vimeondoka pamoja nao. Na kuna wale waliopona lakini hawajaondoka kwa sababu bili haijalipwa. Waandike kwenye safu yao, maana dawa ya kitanda hicho iko ofisi ya uhasibu, wala daktari hana la kufanya nacho.

Oksijeni ndiyo kitanda

Mtoto mwenye kiwango cha oksijeni damuni chini ya 90% anahitaji oksijeni. Huo ndio mpaka wa Shirika la Afya Duniani, na huongezwa hadi 94% kwa mtoto aliye kwenye mshtuko, aliyepoteza fahamu au mwenye dalili nyingine ya dharura. Kiasi si kikubwa. Kwa mpira wa puani, mtoto mchanga hutumia nusu lita hadi lita 1 kwa dakika, wa chini ya mwaka lita 1 hadi 2, mkubwa zaidi hadi lita 4 hivi. Mtu mzima mwenye korona kali alikadiriwa kuhitaji lita 10 kwa dakika, na aliye mahututi lita 30. Mashine za kupuliza oksijeni kwa kasi puani huweza kufika lita 60.

Weka namba hizo pamoja. Mgonjwa mmoja wa korona kali katika wodi ya watu wazima anameza oksijeni ya vichanga kumi. Wimbi la watu wazima linapopanda, wodi ya watoto inaweza kupoteza uwezo wake wote bila kulaza mtoto hata mmoja wa korona, kwa sababu mitungi imehamishwa usiku, au kwa sababu presha kwenye mabomba ya ukutani imeshuka na geji ya mwisho wa korido haifiki inapotakiwa. Ndiyo maana taarifa ya nafasi za watoto isiyo na safu ya oksijeni haina maana kubwa.

Mtungi mkubwa wa aina ya J hubeba takriban lita 6,800. Watoto wanne wakitumia lita 2 kila mmoja ni lita 8 kwa dakika, na mtungi utaisha baada ya dakika 850, saa 14 na dakika kumi. Kwa kichanga mmoja wa lita 1 ungekaa zaidi ya siku nne na nusu. Kwenye mashine ya lita 60, haumalizi saa mbili. Kujua kilichobaki, soma geji: presha hushuka sambamba na gesi. Kama mtungi mpya husoma baa 137 na sasa unasoma 50, zimebaki lita 6,800 mara 50 gawa kwa 137, karibu 2,480. Kwa wale watoto wanne hizo ni saa tano na dakika kumi. Zamu ya usiku ni saa 12. Mtungi wa akiba uwe umeshasogezwa kabla ya makabidhiano, pamoja na spana yake; mtungi uliojaa bila spana ni pambo.

Konsentreta, mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani, inafaa zaidi kwa watoto kwa sababu mahitaji yao ni madogo. Ya lita 5 hula umeme wa wati 350 hivi, na ukiwa na kigawanyaji chenye flomita (vipima mtiririko) tano inahudumia watoto watano wa lita 1. Hitilafu zake zinajulikana. Chujio la hewa huziba vumbi na lisipooshwa kila wiki mashine hupata joto na kuzima. Unyevu wa pwani huchosha zeolaiti, madini ya kuchuja hewa yaliyomo ndani, usafi wa oksijeni unashuka chini ya 82%, na kama kengele yake imekufa hakuna atakayejua, maana mapovu yanaendelea kutoka vizuri tu. Umeme ukikatika saa sita, watoto wale watano watahitaji lita 1,800, zaidi kidogo ya robo ya mtungi wa J. Hesabu hiyo iandikwe kwenye ubao. Asiyeifanya mchana ataifanya gizani.

Kuna vitu viwili vidogo vinavyoangusha mfumo wote. Flomita ya watu wazima yenye alama za 0 hadi 15 huwezi kuiweka nusu lita kwa uhakika. Na mipira ya puani ya watu wazima haiingii puani mwa mtoto wa miezi mitatu. Wodi yenye mitungi ishirini na mipira ya watoto miwili ina uwezo wa watoto wawili. Iandike hivyo.

Kipimo cha kidoleni

Kila kitu hapo juu kinategemea namba inayotoka kwenye oksimita, kifaa kinachosoma oksijeni damuni kupitia kidole. Kipimo cha mtu mzima kwenye kidole cha mtoto hulegea na kutoa namba ya kubahatisha. Tumia cha watoto, na kwa kichanga kifungwe mguuni. Vidole vya baridi, mtoto anayejitupatupa, rangi ya kucha na hina nyeusi vyote huvuruga. Pwani, kina mama huwapaka hata watoto wadogo, basi hamia kidole cha mguu au ncha ya sikio. Subiri mawimbi yatulie, na linganisha mapigo yanayoonyeshwa na yale unayosikia kwa masikio. Yakitofautiana sana, namba ya oksijeni nayo usiiamini.

Kuna kasoro nyingine inayotuhusu sisi moja kwa moja. Utafiti uliochapishwa Marekani Desemba 2020, kwa watu wazima, uliangalia wagonjwa ambao oksimita iliwasomea 92% hadi 96%. Kipimo cha damu ya ateri kilionyesha kwamba 11.7% ya vipimo vya Weusi vilikuwa kweli chini ya 88%, ilhali kwa Wazungu ni 3.6%. Mashine huwasifia wenye ngozi nyeusi. Kwa hiyo mtoto aliyesomeka 91% huku kifua kikibonyea ndani na kichwa kikitikisika kila anapopumua hasubirishwi eti hajashuka chini ya 90.

Mwinuko pia uzingatiwe unapolinganisha hospitali. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, Mombasa iko ufukweni. Mtoto mzima wa afya kule juu husoma pointi kadhaa chini ya mwenzake wa Mombasa. Ukitumia mpaka mmoja na kuchora ramani ya "wodi zenye nimonia kali", sehemu ya ulichochora ni milima.

Kufuatilia magonjwa yenyewe

Idadi ya watoto waliopatikana na korona ilikuwa kipimo dhaifu. Watoto wengi waliugua kidogo, wachache walipimwa, na aliyepimwa alitegemea vifaa vilivyokuwepo wiki hiyo. Ongezeko lingeweza kuwa la ugonjwa au la katoni mpya ya vipimo. Fuatilia badala yake vitu ambavyo muuguzi anaweza kuvihesabu bila maabara: nimonia, kuharisha na kuishiwa maji, malaria kali, upungufu mkubwa wa damu, utapiamlo mkali, vichanga.

Kwa nimonia mipaka ya kupumua haraka ni 60 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 kwa wa mwaka 1 hadi 4. Hesabu dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne huongeza kosa mara nne, na kwa kichanga ambaye upumuaji wake hukatikakatika inaweza kumvusha mpaka kwa upande wowote.

Angalia pia majina yanavyohama. Mtoto aliyeitwa "nimonia" Februari 2020 aliweza kuitwa "mshukiwa wa korona" mwezi Mei. Grafu ya nimonia ikashuka, ya washukiwa ikapanda, na mtoto ni yule yule. Jumlisha mistari miwili kabla ya kusema lolote.

Ugonjwa mmoja wa watoto ulioletwa na korona yenyewe, MIS-C, ambao ni mwako (inflamesheni) wa viungo vingi kwa pamoja, unadai uangalizi wa tarehe. Mwishoni mwa Aprili 2020 madaktari Uingereza walitoa tahadhari kuhusu watoto wenye homa kali, upele, macho mekundu, maumivu ya tumbo na presha kushuka. Shirika la Afya Duniani likatoa maelezo ya kuutambua tarehe 15 Mei mwaka huo: umri wa miaka 0 hadi 19, homa ya siku 3 au zaidi, dalili katika angalau sehemu mbili za mwili zilizotajwa, vipimo vya damu vinavyoonyesha mwako, hakuna sababu nyingine ya wazi, na ushahidi wa korona. Huja wiki 2 hadi 6 baada ya maambukizi, mara nyingi kipimo cha PCR kikiwa kimesharudi hasi. Kwa mpangaji maana yake ni kwamba wodi ya watoto inahitaji vitanda vya uangalizi wa karibu wakati wodi ya watu wazima inaanza kupumua na wakubwa wanatangaza kufunga vituo vya muda. Ukifuata mkondo wa watu wazima utavifunga wiki nne mapema. Na katika nchi zetu, mtoto mwenye homa, tumbo na mshtuko kwanza atahesabiwa malaria, taifodi au sepsisi (maambukizi yaliyosambaa damuni), kwa hiyo kutoonekana kwenye takwimu hakukuwa ushahidi kwamba haupo.

Waliokuwa hawaji

Hapa ndipo penye kazi ngumu. Kenya iliweka kafyu tarehe 27 Machi 2020, saa 1 usiku hadi saa 11 alfajiri. Shule zilikuwa zimeshafungwa, Kenya na Tanzania pia. Watoto waliofika hospitali wakapungua. Je, waliugua wachache kwa sababu barakoa na shule kufungwa vilizuia virusi, au waliugua wale wale wakabaki nyumbani kwa hofu, kwa kukosa nauli na kwa kuogopa askari usiku?

Njia ya kwanza ni kulinganisha na magonjwa ambayo barakoa haiyagusi. Mifupa iliyovunjika, majeraha ya moto, maumivu ya selimundu, vichanga wenye njano. Nimonia ikishuka kwa nusu huku selimundu na vichanga wakibaki kama mwaka uliopita, inaelekea maambukizi yamepungua kweli. Vyote vikishuka kwa kiasi kile kile, mlango umefungwa. Mifupa peke yake usiitegemee sana. Shule zikifungwa watoto wengine hawaanguki uwanjani na wengine wanaanguka miembeni.

Njia ya pili ni kuangalia ukali. Tuseme mwezi wa kawaida walilazwa 200 wakafariki 10, ambayo ni 5%. Mwezi wa kafyu wamelazwa 100, wamefariki 9. Gazeti litaandika kwamba vifo vimekaribia kuongezeka maradufu, na ukisoma asilimia ni kweli. Lakini vifo vimepungua kwa mmoja. Walioondoka kwenye hesabu ni wale wagonjwa wa wastani. Kinachokuonyesha kwamba watoto wanachelewa ni siku tangu dalili zianze hadi kufika, wangapi walifika wakiwa tayari wamefariki, na wangapi walifariki ndani ya saa 24. Safu ya "siku tangu kuanza kuugua" ni namba moja, inaandikwa kwa sekunde mbili, na ndiyo inayoachwa wazi kuliko zote.

Mwaka wa kulinganishia uchague kwa uangalifu. Malaria hufuata mvua, kwa hiyo linganisha Mei na Mei, si Mei na Februari. Kenya miezi ya 2017 haifai, kwa sababu migomo ya madaktari na wauguzi iliacha wodi tupu. Na kuanzia Desemba 2020 wauguzi na maafisa wa kliniki waligoma tena, katikati ya janga. Asiyejua hilo akiona watoto wamepungua mwezi huo ataandika nadharia nzuri kuhusu virusi. Mtandao wa wodi za watoto ulioanzishwa Kenya 2013 na Wizara ya Afya, chama cha madaktari wa watoto na watafiti wa taasisi ya KEMRI-Wellcome una thamani hapa kwa sababu moja ya kuchosha kabisa: wodi hizo zilikuwa zikijaza fomu ile ile ya kulaza mtoto miaka mingi kabla ya korona. Data ya janga hukusanywa kabla ya janga.

Damu nayo iingie kwenye hesabu ya nafasi. Sehemu kubwa ya wachangiaji wa hiari wa damu Kenya na Tanzania ni wanafunzi wa sekondari. Shule zikifungwa, friji ya damu inakauka, na mtoto wa malaria mwenye hemoglobini ya 4 analala kwenye kitanda ambacho hakiwezi kumtibu. Chupa za damu zilizopo asubuhi, kwa kundi, ni kipimo cha uwezo sawa na mitungi.

Chanjo ina mkia mrefu zaidi. Duniani, watoto waliopata dozi ya tatu ya chanjo ya dondakoo, pepopunda na kifaduro walishuka kutoka 86% mwaka 2019 hadi 81% mwaka 2021, na watoto milioni 25 walikosa dozi moja au zaidi. Surua ya watoto waliokosa chanjo haikuja wakati wa kafyu. Hungoja.

Ukikopa namba za Marekani

Wasomaji wengi, walio ughaibuni na walio nyumbani, walizoea kupakua data ya hospitali za Marekani kwa sababu iko wazi. Ni nzuri, lakini ina mitego. Kuanzia Desemba 2020 serikali ilitoa taarifa za kila hospitali, na palipo na wagonjwa wachache kuliko wanne namba ilifichwa kwa kuandikwa -999999. Wodi za watoto ni ndogo, hivyo sehemu hizo ni nyingi kwao kuliko kwa watu wazima. Ukijumlisha bila kuziondoa utapata hasi ya mamilioni, na hilo utaliona. Ukizigeuza sifuri utapata jumla ya chini kuliko ukweli, na hilo hutaliona.

Wiki ya data hiyo ilianza Ijumaa. Ya ufuatiliaji wa magonjwa Afrika huanza Jumatatu. Mtoto wao ni wa miaka 0 hadi 17. Wodi nyingi za Kenya huishia miaka 12 au 13, na taarifa nyingi za wizara hukata miaka 5. Tena, waliolazwa "wakiwa na" korona na waliolazwa "kwa sababu ya" korona waliwekwa kapu moja, kwa hiyo mtoto aliyevunjika mguu na kipimo kikawa chanya yumo.

Somo lao kubwa halikutokana na korona. Mwishoni mwa 2022 hospitali za watoto zilijaa virusi vya RSV (vya njia ya hewa) na vya mafua, vilivyorudi baada ya kupotea wakati wa vizuizi, na tarehe 14 Novemba vyama vya hospitali na madaktari wa watoto viliiomba serikali itangaze dharura. Kati ya 2008 na 2018 vitanda vya watoto nchini humo vilikuwa vimepungua kwa karibu 12%, kwa kuwa vya watu wazima hulipa zaidi. Kilifi, ambako RSV imefuatiliwa miaka mingi, msimu unajulikana kuanza karibu na mwisho wa mwaka. Mahali ambapo msimu haujawahi kuchorwa, hakuna anayejua kama umechelewa au umerudi nje ya wakati.

Karatasi ya asubuhi

Karatasi moja inatosha, ijazwe saa 1 asubuhi na saa 1 usiku, na mtu yule yule anayekabidhi zamu. Watoto waliomo. Vitanda vyenye muuguzi, ukiweka uwiano uliouamua mwenyewe na kuuandika juu ya karatasi. Vitanda vilivyofungwa na sababu. Waliopona wanaosubiri bili, majibu au usafiri. Walio kwenye oksijeni na jumla ya lita zao kwa dakika. Presha ya kila mtungi, konsentreta zinazofanya kazi, mipira ya watoto iliyobaki. Chupa za damu. Waliolazwa, walioruhusiwa, waliofariki kabla na baada ya saa 24, waliopewa rufaa, na rufaa zilizokataliwa kwa kukosa nafasi. Hii ya mwisho ndiyo inayoonyesha uhitaji usioonekana kwenye kitanda chochote, na watu huiacha kwa sababu inaaibisha.

Kabla ya kutia sahihi, pitia masanduku matupu. Andika 0 kama umehesabu ukakuta hakuna. Andika mstari kama hukuhesabu. Anayeingiza data asiruhusiwe kugeuza mstari kuwa 0, na mfumo ukikataa mstari, sanduku liachwe wazi na sababu iandikwe pembeni.